Nilizikata Hoja za Kabula kwa Kalamu Nyekundu

Ndugu zangu, kosa ni langu, msinitafutie sababu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja huku Kahama. Nimechoka, ila hili nikiendelea kulibeba peke yangu litanimaliza.

Kwa miaka mingi sikufundisha riwaya. Niligawa desa! Naandika ubaoni insha moja ya dhamira, utangulizi, hoja sita, hitimisho, wanafunzi wanakariri. Madarasa yamejaa, madaftari ya kusahihisha hayaishi. Nilishakata tamaa zamani.

Kabula alikuwa kidato cha nne. Baba yake anachimba dhahabu Mwakitolyo, na kwao wanaongea Kisukuma tu. Lakini binti huyo aliisoma riwaya mpaka jalada likabanduka.

Siku moja nikawapa jaribio: je, mhusika mkuu alijiponza mwenyewe? Kabula akaniletea daftari kabla hajaanza insha. Amepigia mstari maneno makuu ya swali. Chini yake ameweka msimamo kwa sentensi moja: hakujiponza, alisukumwa na njaa na ndugu zake. Halafu hoja tatu, kila moja na tukio lake na ukurasa wake. Hata hoja ya kuupinga msimamo wake aliiandika, na jinsi atakavyoijibu.

"Shikamoo, mwalimu. Nianze kuandika?"

"Marahaba. Zile hoja sita ziko wapi?"

"Za ubaoni hazijibu hili swali, mwalimu."

Jamani! Alikuwa sahihi, na nililiona hilo palepale. Badala ya kumsifu nikachukua kalamu nyekundu, nikakata ukurasa mzima, darasa linatazama.

"Mtihani wa taifa hautaki maoni yako. Andika nilichokupa."

Tangu siku hiyo hakuniuliza kitu tena.

Mtihani ukaja na swali la namna hiyohiyo, la kumjadili mhusika. Darasa karibu zima wakamwaga insha yangu ya dhamira. Matokeo yakawa aibu tupu. Kabula alitaka kusoma lugha kidato cha tano, aje kuwa mwalimu. Kiswahili akapata D. Hakuchaguliwa.

Mwaka uliofuata nikamkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, vumbi la pumba limemjaa hadi kwenye kope. Akaniamkia kwa heshima. Nikamuuliza ilikuwaje kwenye mtihani.

"Nilishapanga hoja zangu, mwalimu. Halafu nikakumbuka ulivyosema. Nikazifuta."

Ee Mungu wangu!

"Nisamehe, mayu, mama yangu. Rudia mtihani, nitakufundisha mwenyewe."

Akajitwisha debe la mchele. "Nitarudia, mwalimu. Ila siyo na wewe."

Wanafunzi, someni kitabu chenyewe. Jiulizeni swali linataka nini, shikeni msimamo, tafuteni ushahidi ndani ya riwaya, pangeni kwanza ndipo muandike. Mwalimu akikata hoja yako bila kukuonyesha ilipokosea, usiifute.

Na ninyi walimu wenzangu, msifanye nilichofanya mimi! Siku hizi nasoma mipango ya insha ya wanafunzi wangu, mmoja mmoja, mgongo unaniuma. Kitabu ni kilekile, lakini kila mtoto ana lake la kusema. Hata wale wa miaka yote hiyo walikuwa nalo. Sikuwahi kuwauliza.