Paneli Juu ya Gari la Mazishi

Hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari, ndiyo maana watu wakamwita Taratibu, na jina likamganda. Alikuwa dereva wa gari la mazishi la chama cha kusaidiana, kazi aliyoipenda kuliko alivyothubutu kusema mbele za watu. Shati lake lilinyooshwa pasi, viatu viling'aa, na kila alipotaniwa alijibu kwamba tangu aanze kazi hajapata abiria wa kulalamika.

Kilichomnyima raha ni betri. Kipaza sauti cha chama kilichomekwa kwenye gari lake, na mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno. Akishakishika, kumnyang'anya ni kazi. Kuwasha injini haikuwezekana, kwa sababu mngurumo ungefunika hotuba, ingawa wapo ambao wangeshukuru. Basi hotuba zikiisha, betri nayo imekwisha. Mara mbili waombolezaji walilisukuma gari na marehemu wao ndani, akina mama wamevua viatu, akina baba tai wamezitupia mabegani, na Taratibu kwenye usukani akitamani ardhi ipasuke immeze. Kamati ikakata shauri: likisukumwa tena, arudishe funguo. Kwamba mwenyekiti ndiye anayeimaliza betri, hakuna aliyelitaja, na Taratibu naye hakuwa na ubavu wa kulisema.

Mdogo wa mkewe, fundi umeme wa magari, ndiye aliyemwonea huruma. Alipanda juu ya gari, akafunga paneli ya sola kwenye paa, akashusha nyaya hadi kwenye betri, na karibu na usukani akabandika kidude chenye taa: ikiwa kijani, betri inachajiwa, ikiwa nyekundu, haipati kitu.

"Shemeji, sharti langu ni moja tu. Egesha juani. Ile tabia yako ya kukimbilia kivuli, kwaheri."

"Nitaota jua mpaka nikauke," akaapa.

Mazishi yaliyofuata yalikuwa ya mzee mmoja mcheshi, mwenye pikapu kuukuu iliyojulikana mtaa mzima. Taratibu aliegesha juani kabisa, jeneza likaingizwa, taa ikawaka kijani. Akaenda kunywa maji, roho kwatu. Kurudi, taa nyekundu! Akatoka, akatazama juu. Waombolezaji walikuwa wamepanga mashada ya maua paa zima, hapakubaki hata pa kuweka kidole. Mwenyekiti ndio kwanza alikuwa anasafisha koo.

Akajibanza nyuma ya ukuta, akampigia simu fundi wake.

"Yaondoe," shemeji akasema.

"Niondoe maua ya marehemu mbele ya watu wake? Unataka na mimi nilazwe huko nyuma?"

"Basi kamwambie mwenye maua. Ila fanya haraka, shemeji, maana huyo mwenyekiti wenu namsikia mpaka huku."

Mwenye maua alikuwa mjane. Taratibu alichuchumaa mbele ya kiti chake, akamnong'oneza yote: paneli, jua, betri, na kazi yake inayoning'inia. Mama yule akamtazama, macho mekundu kwa kulia.

"Yaani maua yasipotoka, tutasukuma?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe sana."

"Mwanangu, maisha yangu yote ya ndoa nimesukuma pikapu ya huyu mtu. Kwenda sokoni nasukuma, kurudi nasukuma, hata siku nakwenda kujifungua nilisukuma kwanza. Leo sisukumi."

Akasimama, akakaza mtandio, akalifuata gari. Akaanza kuteremsha mashada moja moja na kuwagawia wanawe, mawifi na majirani. "Shikeni," aliwaambia. "Kama mlimpenda, mbebeeni maua yake." Punde uwanja mzima ukawa watu wamekumbatia maua. Mwenyekiti akadhani hotuba imewagusa, akairefusha. Taratibu hakujali. Kijani kilikuwa kimerudi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwomba Mungu mwenyekiti asinyamaze upesi.

Hata hotuba ya mwenyekiti ina mwisho. Mjane akaketi mbele, kando ya dereva. Taratibu akazungusha ufunguo, na gari likawaka papo hapo.

Mama yule akaangua kicheko, kicheko cha kweli kilichomtikisa mabega, mpaka watu wa nje wakageuka. Kabla hakijaisha kikawa kilio.

"Limewaka," alisema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Lakini nisikufiche, mwanangu. Lingegoma, ningeshuka. Ningemsukuma mwenyewe mpaka makaburini."

Taratibu akampa leso yake, kisha akatia gia.