Baiskeli, Mitungi na Kelele za Gatina

Kabla mtu mwingine hajaniletea ile video, wacha niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi yule niliyelala juu ya mitungi pale Gatina, mtaani kwetu Kawangware, miguu hewani, helmeti imegeukia nyuma. Aibu niliipata na nimeikubali. Lakini zile lawama zote nilizobebeshwa, hizo sikubali mpaka leo.

Nilikuwa natafuta jezi. Kuna kikundi cha waendesha BMX, zile baiskeli ndogo za michezo, kule Kibera, na kapteni wao aliniambia niende Jumamosi saa kumi, nikionyesha naweza kuruka na baiskeli napewa jezi, nisipoweza nirudi Kawangware nikaendelee kupiga picha wenzangu wakiruka (kazi niliyokuwa nimeifanya mpaka ikanichosha kabisa).

Basi asubuhi hiyo Brayo, mmoja wao, akaja kunifundisha kwenye kale kauwanja kando ya bomba la maji. Kuruka kwenyewe kwa maneno ni rahisi: unasimama kwenye pedali, unachuchumaa, unavuta usukani mpaka gurudumu la mbele liinuke, halafu unausukuma mbele huku ukiinua la nyuma kwa miguu. La mbele lilinitii. La nyuma lilikataa katakata, na pedali ilikuwa imeshaning'ata muundi mpaka soksi ikashika damu.

"Shida yako hauna kitu ya kuruka," Brayo akasema. "Weka kitu hapo mbele, mwili itajua yenyewe."

Kilichokuwa karibu ni mitungi ya plastiki, ya manjano yote, imepangwa foleni tangu alfajiri ikingoja maji, na wenyewe wako zao nyumbani wakipika chai, kwa sababu kwetu mtungi wako ukishakaa kwenye laini ni kama wewe mwenyewe umesimama hapo. Nikaona nitaazima mmoja tu nirudishe. Nikauchomoa wa mwisho (haukuwa hata wa kwanza!), nikaulaza pembeni kidogo, Brayo akatoa simu arekodi, nikachanja mbuga.

Gurudumu la mbele lilipita vizuri sana. La nyuma likaukanyaga mtungi, mtungi ukateleza, baiskeli ikageuka kuelekea kwenye laini nami nikiwa juu yake, na breki sikuwa nazo, maana Brayo huyohuyo alinitolea akisema breki ni za washamba. Mitungi ikatawanyika mpaka mtaroni.

Wamama ambao hawakuwa wameonekana tangu asubuhi wakatoka kila mlango, na ghafla kila mmoja alikuwa wa kwanza. "Yangu ndiyo ilikuwa mbele!" jirani yetu Mama Shiru akapiga kelele, na mwenzake naye ameushika mtungi uleule kwa upande wa pili. Hapo ndipo wakanikumbuka.

"Msichana mzima anachezea maji ya watu!" Mama Shiru akaninyang'anya baiskeli. "Hii haitoki hapa mpaka laini irudi vile ilikuwa, na kila mtu achotewe."

Niambieni, laini ambayo wenyewe hawakuikumbuka, mimi ningeikumbuka vipi? Nikaipanga, wakaipangua, nikaipanga tena. Maji yalipokuja nikawachotea mmoja mmoja, na saa kumi ikapita nikiwa nimeinama bombani, muundi unawaka moto, baiskeli imefungwa kamba mlangoni kwa Mama Shiru. Brayo alikuwa ameshaenda Kibera zamani na video yake. Kapteni aliicheka, akairudia, na jezi ikaenda kwa msichana wa Riruta.

Nimeapa, mtungi uliopangwa sitaugusa tena hata uwe umetoboka. Siku hizi naruka kreti tupu ya soda, na ni yangu.

Ila kilichoniuma zaidi kilikuwa nyumbani. Maji yalikatika kabla ya kufikia mtungi wetu, kwa sababu nilikuwa nimeuweka nyuma ya yote nisionekane napendelea. Mama, habari zikiwa zimeshamfikia, akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye soksi yenye damu, nikangoja matusi kama ya wengine.

"Huo mtungi wa watu," akaniuliza, "uliuruka?"

Nikamwambia hapana.

"Wewe nawe! Tukae bila maji, na hata hukuuruka?"