Fungu la Kumi na Mbili

Mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Nikinunua ndizi nahesabu sokoni, nahesabu tena nikifika nyumbani, na hesabu mbili zisipokubaliana narudi nilikotoka, hata kama mvua inanyesha. Watu wa mtaa wetu, huku Kinama ambako nyumba zinaishia na mashamba ya mpunga yanaanza, wananicheka. Wacha wacheke. Nauza kuni, na muuza kuni asiyehesabu anagawa bure huku akijiona yuko kazini.

Kitu kimoja tu sihesabu, nacho ni kuni za msiba. Kwetu mtu akifa, kila nyumba inapeleka kuni, maana wageni watalala pale siku tatu na masufuria hayatashuka jikoni. Unazibeba, unazitua penye ukuta wa uani, unaingia kutoa pole. Hutaji idadi na hakuna anayeandika. Ukihesabu kuni unazompelekea mfiwa, watu wanakuona kama mtu anayesubiri kurudishiwa siku yake ikifika. Waislamu na Wakristo wa mtaa huu wana mambo mengi ya kubishana, ila hili hawalibishani. Na zinazobaki baada ya hitima ni za mjane. Si za ukoo, si za waliopika, ni za mjane.

Mvua za kwanza za mwaka huu zilipoanza, jirani yangu alifariki. Alikuwa mwashi. Ndiye aliyenijengea kibanda cha kuni, kwa bei ambayo mpaka leo naona haya kuitaja, kwa sababu nilimbana na yeye akacheka tu, akachukua mwiko akaanza kazi. Kwa hiyo siku ya msiba wake nilipakia mkokoteni kuni za mikaratusi zilizokauka vizuri, si zile mbichi ninazowauzia watu wenye haraka. Midomo ilianza kuhesabu yenyewe kama ilivyozoea. Nikaipa Fatiha isome ili isipate nafasi. Nilikwenda nikarudi, nikaenda tena, na Mungu ni shahidi kwamba sikujua nimepeleka mafungu mangapi.

Mjane wake alikaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, na wanaume anaongea nao nyuma ya pazia. Lakini tumbo halikai eda, na watoto watatu hawakai eda. Riziki yake ni maharage. Anayachemsha kwenye chungu kikubwa tangu asubuhi, majirani wanakuja mlangoni na bakuli, kwa sababu siku hizi makaa hayashikiki na maharage yanakula moto kuliko chakula kingine chochote. Eda haikumkataza kupika. Alihitaji kuni tu, na kuni alikuwa nazo: za majirani zilikwisha siku za msiba, zangu zikabaki, zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha lake. Siku ya hitima niliziangalia nikaona zitamfikisha mbali, nikarudi kwangu roho nyeupe. Sikuhesabu hata hapo.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, alikuja yule mtu wa baiskeli anayeniletea kuni kutoka milimani. Namjua miaka mingi. Siku hiyo alikuja na mafungu kumi na moja kwa safari mbili, na mimi, mjanja wa Kinama, nikaanza kazi yangu. Niliziponda zile kuni. Nikasema zimepinda. Nikasema zina unyevu, nikagonga mbili pamoja karibu na sikio langu nikakunja uso kama nimesikia maji ndani. Nikauliza kamba hizi za mgomba kafunga nani, mtu au usingizi. Nikamwambia mkaratusi huu umekua kwa njaa. Alijitetea, akaapa, akashika baiskeli kama anaondoka, nikamwacha apige hatua nne, nikamwita. Mwishowe alinipa kwa bei ambayo ilinifanya niimbe jioni nzima nikiosha vyombo.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni magurudumu ya baiskeli yake. Mtu akishuka milimani wakati wa mvua, magurudumu yanakuwa mekundu kwa tope mpaka kwenye breki. Yake yalikuwa safi. Alikuwa ametoka upande wa Kamenge, kwenye barabara ya lami. Nilihesabu vijiti vya kila fungu mara mbili, ishirini na kimoja kila moja, sikujiuliza kwa nini vijiti vya mtu mwingine vimefungwa kwa hesabu yangu.

Asubuhi ya Ijumaa nikafungua fungu moja nilipange upya. Hapa inabidi nieleze siri ya duka. Katikati ya kila fungu langu naficha nyongeza, konzi ya vijiti vyembamba vya kuwashia, nimevifunga kwa utepe wa kitenge changu chekundu kilichochakaa. Kwa nje haionekani. Mteja anaikuta nyumbani, anafurahi, anarudi. Mjini kote hakuna mwingine anayefanya hivyo, kwa sababu wengine wana akili na hawatoi nyongeza.

Nilipokata kamba, utepe mwekundu ukaniangukia mguuni.

Nikafungua la pili, utepe. Nikafungua yote. Tepe kumi na moja. Nikazihesabu tena, maana tabia haiachi, nikapata kumi na moja. Nilikuwa nimenunua kuni zangu mwenyewe. Kuni nilizompa mfiwa. Tena nilikuwa nimezitukana, nikasema zimekua kwa njaa.

Nilimkuta mtu wa baiskeli penye kona anaposubiri mizigo. Hakuficha kitu. Alisema ameuziwa na dereva wa taksi, mdogo wa marehemu, nyumbani kwake Kamenge. Yule dereva alimwambia mjane anahamia kwa wazazi wake na hatapika tena. Kamba za mgomba alizifunga huyo dereva mwenyewe, za zamani alizitupa. Nilipomwonyesha utepe, mtu wa baiskeli alivua kofia. Aliniambia kama angejua ni kuni za matanga asingezigusa hata kwa kupikia chai yake, na nilimwamini, maana alikuwa amekasirika kuliko mimi, na mimi nilikuwa nimekasirika sana.

Sikuhangaika kumtafuta dereva nyumbani. Mafuta yamekuwa ya shida mjini hapa kiasi kwamba ukitaka kumpata mwenye gari, nenda kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Pale hawezi kukimbia, akitoka anapoteza nafasi yake. Nilimkuta kiti amekilaza, mguu mmoja nje ya dirisha, madereva wenzake wamekaa kwenye madebe wanapiga soga.

Nikamsalimia, nikauliza kama kuni za msiba zimekauka. Akauliza kuni gani. Nikamning'inizia utepe mwekundu mbele ya pua. Aliuangalia, akarudisha mguu ndani taratibu, akakaa vizuri.

"Mama, ile kuni watu walileta kwa sababu ya kaka yangu," akasema. "Kaka yangu hayuko tena. Sasa ni ya nani?"

"Ya mujane."

"Mujane yuko eda. Eda ni kukaa na kuomba Mungu, si kufanya biashara."

"Na watoto wale watakula nini?"

Alijikuna kidevu, akaniangalia kwa jicho la mtu aliyekumbuka kitu kizuri. "We ulipeleka mafungu ngapi?"

Madereva wakageuza vichwa. Wote wananijua.

"Sikuhesabu," nikasema.

"We? We mwenye kurudi sokoni kwa ndizi moja?" Wakacheka, hata yule mzee aliyekuwa amesinzia kwenye usukani wake. "Basi, mama. Kama hukuhesabu, hakuna kilichopotea. Na kama umenunua, nasikia umenunua bei muzuri sana. Mi ndo nilipata hasara."

Foleni ikasogea kwa urefu wa gari moja. Akashuka kulisukuma la kwake, na wale waliokuwa wanacheka wakamsaidia. Niliondoka kabla sijaombwa nami kusukuma.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Wizi nimeuona mwingi, nimeishi mjini. Mtu akikuibia usiku anajua ni mwizi, anakimbia, anakupa angalau heshima hiyo. Huyu alikaa msibani siku tatu, akapokea pole zetu kwa mikono miwili, akatuangalia tukitua kuni bila kuhesabu kwa sababu ya adabu, na adabu yetu akaiona kama mlango uliosahauliwa wazi. Tena aliwahi kumwaga machozi pale. Nilimpa kitambaa changu mwenyewe, na sasa hivi nakumbuka kwamba hakukirudisha.

Nyumbani nikasimama mbele ya mafungu yale kumi na moja. Yalikuwa yangu kwa halali, nimelipa. Mtu mwenye akili ya biashara angeyauza. Nikayafunga upya, tepe nikazirudisha ndani, nikapakia mkokoteni. Kila kitu nahesabu mara mbili, lakini sikuwa nimewahi kutoa kitu kilekile mara mbili.

Nilimkuta mjane amekaa na chungu kitupu, jiko limelala tangu juzi. Aliposikia kuni zinatuliwa ukutani alisogea dirishani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alijua shemeji yake hawezi kumtupa. Shemeji alimweleza kwamba mvua itazilowesha, anazipeleka kwake zikauke. Alimsifu mpaka nikaona mkokoteni unanizunguka. Mwizi anaombewa dua, na mimi niko pale nabeba mzigo wake.

Nilifikiri kunyamaza. Halafu nikafikiri kwamba mwezi ujao atakuja kukausha mabati.

"Dada, hakuzikausha," nikasema. "Aliziuza. Mi ndo nilinunua, bila kujua."

Nilimsikia mtoto mmoja akicheza na kijiko sakafuni.

"Umeleta ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Zilikuwa kumi na mbili."

Nikageuka. Akasema mtu akifungiwa ndani na dirisha moja, na nje ya dirisha kuna ukuta wa kuni, atafanya nini kama si kuzihesabu. Alizihesabu baada ya kila sala. Mgeni anayeleta kuni hahesabu, lakini hakuna aliyewahi kusema mwenye kupewa asihesabu. Hakumwambia shemeji kitu kwa sababu alikuwa anasubiri aone zitarudi ngapi.

Sijawahi kumheshimu mtu kwa haraka hivyo.

Aliwasha moto asubuhi iliyofuata. Kufika adhuhuri mlango ulikuwa umejaa mabakuli, na mimi nilikuwa pale nasaidia kupakua, maana kazi ya nje lazima ifanywe na aliye nje. Shemeji naye akaja, kama alivyokuja kila siku tangu msiba, kumjulia hali mke wa kaka yake na kula. Mwenzake mmoja alikuwa amemshikia nafasi kwenye foleni. Aliona kuni ukutani, akaniona mimi, akakohoa, akanyoosha mkono kwenye pazia kupokea sahani.

Sahani haikutoka.

"Shemeji," mjane akasema, "fungu moja liko kwako jikoni. Leta kuni, ukule."

Watu wenye mabakuli walisikia. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kwake kuliko kicheko. Akasema atalileta kesho akipata mafuta. Bakuli la jirani likatoka nyuma ya pazia. Akaondoka.

Alirudi baada ya alasiri, fungu kichwani, kwa miguu kutoka Kamenge, taksi yake ikiwa kule kwenye foleni imeshikilia nafasi. Wakati huo watu wanatoka msikitini na barabara imejaa. Alilitua ukutani. Nikalifungua palepale mbele yake, nikahesabu, nikahesabu tena. Vijiti kumi na nane. Nikasema kwa sauti ya kufika ndani kwamba vitatu havipo.

Mjane alipakua sahani. Halafu nikamwona kwa pembe ya pazia akichota vijiko vitatu kutoka kwenye ile sahani, kimoja kimoja, akivirudisha chunguni.

Shemeji alikula amesimama. Samahani hakuomba, wala kitambaa changu hakukitaja. Alipomaliza aliifuta sahani kwa kidole, akauliza kama maharage yamebaki.