Siku Niliyomtafsiria Ndugu Yangu

Baba yetu alikuwa na wana wawili. Chifu aliposema kila boma litoe mtoto mmoja aende shule, alinitoa mimi kwa sababu nilikuwa dhaifu, siwezi kutembea na ng'ombe siku tatu kutafuta maji. Ndugu yangu mkubwa alibaki na mifugo upande wa Garbatulla. Mimi nikasoma mpaka nikawa mhadhiri Nairobi, nikifundisha sera za umma na utawala kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili.

Wengi wao walikuwa watu wazima, maofisa wa tarafa na makarani wa wizara, wanaokuja darasani saa kumi na moja jioni wakiwa bado na tai za ofisini. Somo nililolipenda ni la kupima mipango ya serikali. Kila mwaka niliwaambia kwamba anayetaka kujua kama mpango umefaulu asiwaulize walioupanga, awaulize waliopangiwa. Waliandika maneno hayo kwenye madaftari.

Katikati ya miaka ya sabini ukame uliwamaliza ng'ombe wa ndugu yangu. Nilipanda lori la mizigo kutoka Isiolo nikaenda kumwona. Nilimkuta ameketi mbele ya zizi tupu, akisuka kamba kana kwamba kuna mnyama wa kufungwa. Wakati huo skimu ya kilimo cha umwagiliaji ilikuwa inafunguliwa kando ya mto. Ripoti yake nilikuwa nimeisoma, hata darasani nilikuwa naifundisha. Nikamwambia ahamie huko.

"Mimi sijui jembe," alisema.

"Watakufundisha."

"Na mvua ikirudi? Ng'ombe wakirudi?"

"Huu ni mpango uliopangwa na watu wanaojua," nikamjibu. "Niamini mimi."

Kwetu si desturi mkubwa kuongozwa na mdogo. Lakini mwezi uliofuata alihama na mkewe na watoto wanne.

Miaka ya kwanza walivuna mahindi na vitunguu. Kisha mashine ya kuvuta maji ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Dizeli ikawa haifiki. Niliyajua hayo kwa barua, kwa sababu mwalimu wa shule ya hapo alikuwa akimwandikia ndugu yangu, ambaye hakujua kuandika. Sikwenda. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kila alipoandika nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Nilipokwenda, miaka ya themanini, nilikwenda kwa sababu ya kazi. Mwanafunzi wangu mmoja, mama kutoka Kakamega aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mipango, alichagua kuandika tasnifu juu ya skimu ileile. Mimi nilikuwa msimamizi wake, tukasafiri pamoja. Sikumwambia nina ndugu pale. Nilijiambia kwamba mambo ya nyumbani hayaingizwi kwenye utafiti.

Siku ya pili mkalimani tuliyemchukua Isiolo alishikwa na homa. Mwanafunzi akaniomba nimtafsirie kwa nyumba zilizobaki. Nyumba ya nne ilikuwa ya ndugu yangu.

Alitoka amekonda, mifupa ya mabega imechomoza ndani ya shati. Tulisalimiana salaam aleikum. Kabla hajasema lolote nilimwambia kwa Kiborana, lugha yetu, "Huyu mgeni ana kazi. Tuimalize kwanza, halafu tutaongea sisi." Alielewa. Akakaa.

Maswali nilikuwa nimeyapitisha mimi mwenyewe. Mojawapo lilimuuliza ana mifugo mingapi, swali ambalo kwetu humuulizi mtu, sembuse aliyepoteza wote. Alijibu kwa upole. Tukafika kwenye swali la tisa: nani alikushauri uhamie hapa?

Nilimuuliza kwa Kiborana. Alijibu polepole, macho yake chini. "Mwambie ni ndugu yangu mdogo, yule aliyesoma. Mwambie nilimwamini."

Mwanafunzi alikuwa anangoja, kalamu mkononi. "Amesema nini, Mwalimu?"

"Anasema ni maofisa," nikasema kwa Kiswahili. "Maofisa walikuja wakawashauri."

Akaandika. Ndugu yangu aliitazama kalamu ile mpaka mstari ukaisha, kisha akamwita mkewe alete chai. Ilikuja ya rangi. Sikuwahi kunywa chai bila maziwa nyumbani kwa ndugu yangu. Tulipoondoka alinisindikiza hadi kwenye gari, akauliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja.

Baada ya miezi michache alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Jamaa walikuwa wamekuja hata kutoka mbali kule Korbesa. Walipopungua, mkewe alikuja kukaa karibu nami.

"Shemeji, siku ile ulipokuja na yule mama, marehemu alinikataza nisikuulize kitu."

"Kitu gani?"

"Hayo maneno ya maofisa."

"Alielewa nilichosema? Si nilikuwa naongea na yule mama kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye hakuijua?"

"Miaka yote hii jirani zetu huku ni Waturkana, huku ni Wameru," alisema. "Unafikiri tulikuwa tunaongea nao nini?" Hakusema kwa hasira. "Alisema, 'Ndugu yangu ameona haya. Mwacheni.'"

Nilirudi Nairobi, nikamwita mwanafunzi wangu ofisini, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Alitoa hojaji ya ndugu yangu kwenye faili, akaiweka mezani, akaisoma yote.

"Pole sana kwa msiba, Mwalimu," alisema mwishowe. Halafu akauliza, "Na zile nyumba nyingine ulizonitafsiria?"

"Hizo nilitafsiri sawasawa."

"Nitajuaje?"

Aliziondoa kwenye utafiti wake hojaji zote nilizozitafsiri, akarudi skimu na mkalimani mwingine, akachelewa kuhitimu mwaka mzima. Niliandika barua kwa mkuu wa idara kueleza nilichofanya, nikaomba apewe msimamizi mwingine. Sikufukuzwa. Wenzangu walinihurumia, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. Niliendelea kufundisha, lakini somo la kupima mipango nilimwachia mwenzangu.

Shemeji yangu aliiacha skimu, akapanga chumba mjini Isiolo, mtaa wa Wabera, nyuma ya maduka. Nilipomtembelea, binti yake mkubwa, aliyekuwa anamaliza shule ya msingi, aliniuliza chuo kikuu kwetu hufundishwa nini. Nilianza kumweleza kazi yangu, nikaachia katikati. Nikamuuliza yeye angependa kusomea nini.

"Udaktari wa mifugo," alisema.

Mama yake alikuwa anachambua mchele. Alicheka kidogo, bila furaha, wala hakuinua kichwa.

"Mifugo gani?" akauliza.