Swichi Nyekundu Nyuma ya Mashine

Daftari bado ninalo. Lina jalada gumu jeusi, na kila ukurasa niliugawa kwa rula sehemu nne: siku, dalili, kilichoguswa mwisho, tiba. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, katika miaka ya tisini, niliandika humo kila ugonjwa wa kompyuta tulioutibu kwenye duka la kutengeneza redio mtaani Iftin, Garissa. Maandishi ni safi, hayana mkato ila mmoja. Ukurasa mmoja niliuandika uongo, nao ndio uliokuwa msafi kuliko yote.

Tulikuwa wanne. Mwenye duka alikuwa mzee wa redio ambaye sote tulimwita abti, mjomba, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa mpwa wake. Wa pili alikuwa mwalimu wa kupiga taipu, mwanamke aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, na kwa ajili yake tulizungumza Kiswahili. Wa tatu alikuwa fundi wa lori, mwenyeji wa Elwak, aliyesafiri na mizigo kati ya kwao na Garissa na kukaa kwetu wiki moja au mbili kila safari. Wa nne nilikuwa mimi. Nilituma habari za wilaya kwa gazeti moja la Nairobi, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kalamu, nikapewa daftari.

Tulikutana Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Kila mtu alileta alichokiunda. Abti alileta feni ndogo aliyoitengeneza kwa mota ya kinanda cha kaseti, ipulize ndani ya kompyuta wakati wa joto. Mwalimu alileta mfuko wa kibodi alioushona kwa nailoni ili vumbi lisiingie kwenye vitufe. Kitu kilizungushwa mkono kwa mkono, kikasifiwa, kikatiwa kasoro. Katikati ya meza ilikuwepo kompyuta yetu, ya kundi zima. Kasha lilitoka kwenye ofisi iliyofungwa, monita ya maandishi ya kijani ilinunuliwa ikiwa imekufa na abti akaifufua, vipande vya kumbukumbu, yaani RAM, alivileta mwalimu vimefungwa ndani ya leso. Kila mmoja alikaa nayo nyumbani kwake wiki moja, kisha akaipisha.

Sheria ilikuwa moja. Mashine ikija ikiwa mgonjwa, abti hakugusa bisibisi. Aliweka mikono magotini, akamtazama aliyekaa nayo, akauliza, "Mwisho uligusa nini?" Mpaka ujibu, hakuna skrubu iliyofunguliwa.

Siku mwalimu alipokiri kwamba ameosha kibodi kwa sabuni, fundi wa lori alimuuliza, "Sabuni gani, mwalimu?"

"Ya unga."

"Wallahi, basi tuianike kwa kamba, na vibanio!"

Mwalimu mwenyewe alicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, huku naandika neno kwa neno. Nilipenda sana kuandika makosa ya wenzangu.

Umeme wa Garissa ndio uliokuwa adui yetu. Ulitoka kwenye jenereta za mji, na saa za mchana, feni zote zikizunguka, ulidhoofika hadi taa ikawa na rangi ya chai. Fundi wa lori akatuundia dawa. Alichukua transfoma ya mashine ya kuchomelea iliyokufa, akaifunga upya waya wa shaba kwa mkono, akaongeza swichi zinazojibofya zenyewe, na mbele akaweka mita ya sindano. Vyote alivitia ndani ya sanduku la bati lililowahi kubeba majani ya chai. Umeme ukishuka, sanduku lilibofya mara moja au mbili na kuupandisha. Ukizidi, liliushusha. Sehemu ya chini ya mita aliipaka rangi nyekundu.

"Sindano ikilala hapa nyekundu," alituambia, "umeme imeisha nguvu, hata sanduku haiwezi. Usiwashe kitu. Wewe ngoja tu. Kunywa chai."

Mwalimu alilipenda sanduku. Alikuwa ameomba chumba shuleni kwake afungue darasa la kompyuta, na mkuu wa shule alikubali kwa sharti kwamba vifaa visiungue. Akamwambia fundi kwamba sanduku likipita miezi mitatu bila madhara, atamwagiza mengine matatu, na shule itamhitaji fundi wake karibu. Yule bwana alikuwa na mke na mtoto mchanga hapo mjini, katika chumba cha kupanga. Alituambia, bila kucheka safari hii, "Nikipata hiyo ya shule, mimi sipandi lori tena."

Mwezi wa tatu wa majaribio hayo, mashine ilikuwa kwangu, pamoja na sanduku.

Nilikuwa na habari kuhusu soko la mifugo la Griftu, niliyoifuata mwenyewe, na disketi ilipaswa kuondoka na basi la kesho yake alfajiri. Saa nane mchana sindano ililala kwenye nyekundu. Nilingoja, nikanywa chai, nikangoja tena. Kompyuta haikuwaka.

Nyuma ya kompyuta, kando ya tundu la waya wa umeme, palikuwa na swichi ndogo nyekundu. Upande mmoja uliandikwa mia mbili na thelathini, umeme wa kwetu. Upande wa pili mia na kumi na tano, umeme wa nchi nyingine. Nikawaza kama mtu mwenye akili: ikiwa umeme wa leo ni nusu, basi niiambie mashine itegemee nusu. Nikaisukuma kwa ncha ya kalamu. Kompyuta ikawaka. Nilijiona mjanja kuliko wenzangu wote watatu.

Niliandika karibu saa nzima. Kisha huko nje jenereta zikapata nguvu, maana nilisikia feni ya jirani ikivuma, na sanduku la fundi likabofya. Likafanya kazi liliyoundiwa: likatoa umeme kamili, uliotulia. Kompyuta iliyokuwa ikingoja nusu ikapigwa na nzima. Mlio ulikuwa kama wa kopo kukanyagwa. Moshi ukatoka nyuma, na harufu iliyobaki chumbani siku tatu.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa utulivu, na hicho ndicho kinachonichoma. Nilichomoa waya. Nikafungua dirisha. Nikachukua kalamu ileile, nikairudisha swichi kwenye mia mbili na thelathini. Habari ya Griftu niliiandika upya kwa mkono.

Ijumaa nikaibeba mashine hadi Iftin. Abti akaweka mikono magotini. "Mwisho uligusa nini?"

"Sikugusa kitu," nikasema. "Nilikuwa naandika tu. Sanduku likabofya, ikalipuka."

Abti alifungua. Kapasita mbili kubwa zilikuwa zimepasuka, na ubao mkuu umeungua pembeni. Mwalimu alilitazama sanduku la bati, kisha akatazama vipande vyake vya kumbukumbu, vile vya kwenye leso.

Fundi wa lori aligeuza sanduku, akalipima, akalipima tena. Sindano ilisimama sawasawa. Hakuona ubaya, na kwa kuwa hakuuona, akaamini kwamba ubaya ni wake. Akasimama. "Walaal, ndugu yangu, nisamehe," aliniambia mimi, mbele ya wote. "Hii sanduku yangu imeua mashini ya watu." Akamgeukia mwalimu, akarudia vilevile.

Mimi nikafungua daftari, nikaandika. Kilichoguswa mwisho: hakuna. Tiba: sanduku liondolewe.

Darasa halikufunguliwa. Wiki iliyofuata yule bwana alipanda lori na mkewe na mtoto, wakarudi Elwak.

Nilivumilia miezi minne. Ijumaa zilikuja, watu wakakiri makosa yao madogo juu ya vitu walivyoleta, nami nikaandika. Siku moja nikaenda kwenye chumba cha taar, ile redio ya kuitana kutoka mji hadi mji, ambako unasikika na kila aliyekaa kwenye benchi, huku na kule. Mwendeshaji aliita Elwak, akatumwa mtu wa kumtafuta fundi. Nilichagua kusema Kiswahili nikidhani akina mama wa maziwa waliokuwa wakingoja zamu hawatafuata.

"Siku ile niligusa swichi nyekundu ya nyuma," nikasema, kisha neno la kumpisha mwenzako: "Ova."

"Rudia. Mawimbi mbaya. Ova."

Nikarudia. Akasema hajapata. Mara ya tatu nilipaza sauti: "Niligusa swichi! Halafu nikairudisha! Nilisema uongo! Ova."

Mama mmoja kwenye benchi akasema, "Subhanallah, amesema uongo."

Redio ilikwaruza. "Kwa hivyo sanduku ilikuwa sawa? Ova."

"Ilikuwa sawa. Ova."

"Mimi nimeifungua. Shaba yake nimefunga dinamo ya watu." Hakusema ova, kwa hiyo nikangoja. "Mwalimu anajua? Ova."

"Bado. Ova."

"Mimi niliomba msamaha mbele ya mwalimu. Pale mezani. Wewe enda pale. Ova."

Ijumaa nikaweka daftari mezani, nikalifungua ukurasa ule. Abti aliusoma, akaweka mikono magotini, akaniuliza kana kwamba mashine imeletwa asubuhi hiyo: "Mwisho uligusa nini?" Nikajibu. Mwalimu hakunitazama. Alitoa kwenye mkoba kalamu nyekundu ya kusahihishia, akaisukuma mezani hadi kwangu, nikakata neno "hakuna" na kuandika juu yake: swichi nyekundu. Kisha akasema kile chumba shule imekifanya stoo ya mahindi.

Niliwahi kumwona fundi mara mbili baadaye, lori lake likipita Garissa kwenda kupakia. Alinipungia mkono kutoka juu ya mizigo. Hakushuka.