Kurasa za Roma Zilizofungia Maandazi

Harufu ya maandazi ya iliki yakitoka kwenye mafuta asubuhi ya baridi huwafurahisha watu wengi. Mimi hunipandisha hasira. Nimekulia Songea, upande wa Matogoro, ambako mwezi wa Juni upepo hushuka kutoka mlimani ukakukuta na sweta moja isiyotosha. Nje ya uzio wa kanisa letu alikaa mama mmoja aliyekaanga maandazi kila Jumapili baada ya misa ya kwanza. Mumewe alikuwa katekista, na ndiye pia aliyetunza maktaba ya parokia, chumba kimoja chenye makabati mawili na ufunguo alioning'iniza shingoni. Jina la katekista huyo nalijua vizuri. Silitaji hapa kwa makusudi, na sababu nitaisema.

Nilikuwa darasa la sita nilipokikuta pale kitabu cha historia ya Roma ya kale. Padri mmoja mzee, aliyekwisha kufariki, alikuwa amekitafsiri kutoka Kilatini, akakipiga chapa kwa mashine yake na kukishona kwa uzi wa magunia. Mpaka siku hiyo nilidhani watu wa kale wote walizungumza kwa lugha ya mimbari. Warumi wa padri huyu walizungumza Kiswahili cha leo. Maseneta walikatizana maneno kama wazazi kwenye kikao cha shule, askari walinung'unikia chakula, na mke wa kaisari alimgombeza mumewe kwa kuchelewa mezani. Nilisoma nikichambua maharage, nikasoma nikipuliza moto, hadi mama akaniambia nitaunguza ugali kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Nikafika mahali ambapo kaisari mmoja katili anaingia kuoga, na walinzi wake wanatazamana. Nikafunua. Kurasa sita hazikuwepo.

Hapo nikafanya kosa la mtoto aliyelelewa vizuri: nilikwenda mwenyewe kwa katekista kuuliza. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kitabu kwa mikono miwili, nikamwuliza kurasa nyingine ziko wapi. Alikipekua kitabu, akatazama daftari lake la waazimaji, akaniambia, "Jina la mwisho hapa ni lako. Umezichana wewe." Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, alinisimamisha kwenye ngazi za kanisa, akawaambia waumini kwamba mtoto huyu ni mwizi wa mali ya parokia. Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi, mtu asiyependa kusemwa. Alivua kofia, akapanda zile ngazi, akasema, "Nawaomba radhi. Mwanangu amekosa." Kuanzia siku hiyo aliacha kukaa mbele kanisani. Alikaa nyuma kabisa, na aliendelea kukaa huko mpaka tulipomzika.

Wiki mbili baadaye shangazi alituletea maandazi ya yule mama. Yalikuwa yamefungwa kwenye karatasi iliyolowa mafuta, na katikati ya mafuta nikaziona herufi za mashine ya padri. Niliyamwaga maandazi kwenye sinia, nikasoma nimesimama. Kaisari alikuwa ameuawa. Kisha maseneta wakaamua kumwadhibu hata akiwa maiti: sanamu zake zikavunjwa, jina lake likafutwa kwa patasi kwenye mawe ya mji mzima, ikawa kama hakupata kuzaliwa. Sijawahi kusoma kitu kikanipendeza namna ile. Nilimpelekea baba karatasi. Aliisoma pole pole, akaigeuza, akaikunja mara nne. "Nimeona, mwanangu. Lakini yule ndiye anayeandika majina ya kipaimara. Tuyaache." Nililia kwa hasira, nikaamua kwamba mimi sitayaacha.

Songea haikuwa na mawe yenye jina la katekista. Ilikuwa na shikamoo. Kwetu mtoto akimpita mkubwa bila kumwamkia amemvunjia heshima, tena mbele ya watu, na mimi nikaanza kumpita. Mara ya kwanza alisimama, akasema kwa sauti, "Marahaba," kama wakubwa wanavyofanya kumkumbusha mtoto aliyejisahau. Sikuwa nimejisahau. Nilimtazama usoni, nikaenda zangu. Mama alinichapa, kipaimara changu kikasogezwa mwaka mzima, nami nikaona ni sawa tu. Kwa miaka mingi alitoa marahaba yake bure, sokoni, misibani, hata stendi, watu wakisikia, na jina lake halikutoka kinywani mwangu hata mara moja.

Sasa ninafundisha historia katika sekondari moja hapa hapa mjini. Wanafunzi wangu wanasoma habari za Warumi kwenye simu, tafsiri wanazo za kuchagua, na hakuna mtu wa kuwafungia kabati. Ninawaonea wivu kidogo. Watu waliniambia nikikua nitasamehe. Nimekua, nina watoto, na bado. Mwezi uliopita yule mzee alinifuata nyuma ya kanisa, tukiwa wawili tu. Anatembea kwa mkongojo siku hizi. Hakusema marahaba. Alisema, "Mwalimu, nisamehe. Nilijua siku ile ile kwamba mke wangu ndiye aliyezichukua."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu darasa la sita, na yalipofika hayakunitosha. Nikamwambia akayaseme Jumapili, baada ya matangazo, kwenye ngazi, waumini wote wakiwepo.

Aliuhamishia mkongojo mkono wa pili. "Mama mwalimu, kwa umri huu," akasema, "watu watanionaje?"

"Kama walivyomwona baba," nikamjibu.