Doa Kwenye Bastola ya Mzee wa Malaz

Kaa hapa karibu nami, mwanangu, na hiyo simu uilaze kifudifudi kidogo. Umefika Riyadh juzi tu, ikama yako, hicho kibali cha kuishi hapa, bado inang'aa, na umeniambia kwamba bosi wako amekukabidhi kabati la vitu vyake vya kale uwe unavisafisha. Nimefurahi, maana hiyo ni dalili kwamba anakuamini. Ila kabla hujashika kitambaa, ngoja nikusimulie kilichonipata mimi.

Nakumbuka Ijumaa moja, nikiwa sijafika miaka thelathini, dereva katika nyumba moja kule mtaa wa Malaz, hapa hapa Riyadh. Tajiri wangu tulimwita Baba, kama ilivyo desturi. Alikuwa askari mstaafu, mtu wa maneno machache, na mapenzi yake yote yalikuwa kwenye kabati la kioo lililokuwa katika chumba cha wageni. Mle ndani mlikuwa na bastola tisa za zamani.

Usishtuke. Hakuwa na risasi hata moja mle nyumbani, na kila bastola ilikuwa na kibali chake kwenye faili la kijani. Zilikuwa za aina ile yenye silinda, yaani risasi hukaa kwenye kigurudumu kinachozunguka. Zote zilitengenezwa katikati ya karne iliyopita, zote za umbo kubwa, nzito mkononi kama pasi ya mkaa. Baba alikuwa akizikusanya moja moja tangu ujana wake. Hakuzipenda kwa sababu zinaua. Alizipenda kama mwingine anavyopenda saa za ukutani: jinsi vyuma vinavyokutana bila kuachana hata unywele, jinsi silinda inavyozunguka na kusimama mahali pake kwa mlio mdogo.

Moja tu hakuinunua. Ilikuwa ya baba yake mzazi, aliyeivaa kiunoni miaka mingi akilinda misafara. Ubavuni, juu ya mpini, yule mzee alikuwa ameichora kwa msumari alama wanayowatia ngamia wa ukoo wao, duara na mistari miwili. Na kando ya alama hiyo palikuwa na doa la kahawia, kubwa kama ukucha wa kidole gumba.

Kila Ijumaa kabla ya sala ya adhuhuri, Baba alikuwa akitandaza kitambaa mezani na kunifundisha. Tone moja la mafuta, kitambaa laini, pole pole. "Futa, Yusuf," alikuwa akiniambia. "Usisugue."

Ijumaa hiyo alichelewa. Adhana ilimkuta bado ana bastola ya baba yake mkononi. Akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni, akaiacha ile moja juu ya kitambaa. "Nimalizie hii," akasema, akaenda msikitini. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo saa ya sala nilikuwa nabaki nyumbani.

Sasa mwanangu, nielewe vizuri. Sikuwa mvivu wala mtundu. Kosa langu lilitokana na bidii. Kwetu Kitui nilifundishwa kwamba kitu kilichosafishwa ni kitu kinachong'aa. Gari la Baba lilikuwa linang'aa mpaka majirani wakawa wananitania. Nikalitazama lile doa nikasema moyoni, mzee akirudi akute limekwisha. Nikaenda garini nikachukua dawa ya kung'arishia rimu, nikapitia jikoni nikachukua waya laini wa kusugulia masufuria, nikaketi kazini.

Doa lilitoka. Ilichukua dakika kumi, na nilikuwa napiga mluzi.

Lakini lilitoka pamoja na kila kitu. Ule weusi wenye ubuluu unaouona kwenye bastola za zamani si rangi ya kupakwa juu. Ni chuma chenyewe kilichotiwa dawa kiwandani, ni kama ngozi yake. Ukiitoa, hairudi. Mahali pa doa palibaki pamekuwa peupe kama kijiko kipya, na nilipoinama kutazama alama ya ngamia, niliona duara na mstari mmoja. Ule wa pili sikuuona tena.

Mluzi ulinikauka mdomoni. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kuleta rangi nyeusi ya viatu. Nikapaka, nikapuliza, nikapaka tena, kisha nikailaza bastola ubavu ule ukiwa chini. Baba alirudi, akaiweka kabatini bila kuigeuza, tukala.

Aliyeniona ni Dada Rukia, Mmombasa aliyekuwa akifanya kazi za ndani, aliyeijua nyumba ile kuliko sote. Alikuja kuutafuta waya wake, akanikuta nao.

"We Yusufu, waya wangu una kiwi tena? Umefanyani?"

Nikamweleza. Akaketi juu ya ndoo.

"Rangi ya viatu! Kwani hiyo bastola inakwenda harusini?"

"Dada, usicheke. Atanirudisha nyumbani."

"Sicheki, nasikitika." Na kweli sauti yake ilibadilika. "Nisikilize, kaka yangu. Mwambie leo, kabla hajaona. Akiona mwenyewe, ataona mambo mawili: kosa na mtu aliyelificha. Kosa huenda akalisamehe."

Nilijua amesema kweli. Lakini Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita, na kila nilipofungua mdomo niliuliza habari za gari. Jumatatu Baba akatangaza safari. Kaka yake mkubwa, anayeishi Jeddah, alikuwa anaumwa. Sukari ilikuwa imemmaliza macho. Alikuwa ameomba jambo moja, aishike tena bastola ya baba yao.

Tukaondoka alfajiri ya Jumatano. Kutoka Riyadh mpaka Jeddah ni safari ya mchana kutwa, jangwa kushoto na jangwa kulia. Sanduku lilikuwa kwenye mapaja ya Baba, faili la kijani juu yake. Tulipokaribia Taif tukasimamishwa na polisi. Kijana mmoja akasoma kibali, akaomba kuona, akafunguliwa sanduku. Akapiga yowe dogo la kustaajabu.

"Ni ya baba yangu," Baba akamwambia, na sijawahi kumsikia akijivuna kama siku ile. "Tangu aiache, hakuna mkono uliobadilisha chochote."

Mwanangu, maneno yale yaliniingia kama mwiba. Niliendesha mpaka kituo cha mafuta kilichofuata, nikasimamisha gari kivulini, nikazima injini.

"Mafuta yapo," Baba akasema.

"Baba, upo mkono uliobadilisha. Ni huu wangu."

Nikamwambia yote, hata rangi ya viatu. Akafungua sanduku, akaigeuza bastola, akapitisha kidole gumba. Kidole kikatoka cheusi. Akakitazama, kisha akakifuta kwenye leso yake.

"Yalla. Endesha."

Hakusema neno jingine mpaka Jeddah. Saa zile nilizitumia kufunga begi langu kichwani: shati gani nitavaa uwanja wa ndege, mama nitamwambia nini, ada ya watoto itatoka wapi. Tukishuka milima ya Taif, na joto la pwani likianza kutugusa usoni, nilikuwa nimeshafika Kitui na kurudishwa na aibu mara kumi.

Kaka yake alikuwa amekaa kitandani, mnene, mcheshi, macho yake yakitazama pembeni. Baba akamwekea bastola mikononi. Mzee akaipima uzito, akazungusha silinda, akasikiliza ule mlio, akatabasamu. Kisha kidole chake kikatambaa mpaka ubavuni, kikasimama.

"Doa langu liko wapi?"

Baba akanionyesha kwa kidevu. "Dereva wangu amelisugua. Mwambie mwenyewe, Yusuf."

Nikamwambia. Yule mzee akaanza kucheka taratibu, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Unajua lile doa lilikuwa nini? Nilikuwa na miaka saba. Niliimwagia laban, nikaogopa, nikaifunga kwenye blanketi siku mbili. Maziwa yale yakala chuma. Baba yetu alinichapa kiboko kimoja kwa ajili ya laban na sita kwa ajili ya blanketi." Akamgeukia mdogo wake. "Maisha yangu yote kosa langu limekaa pale watu wakilitazama. Huyu kijana amenifutia, na wewe umemnunia tangu Riyadh?"

"Tangu Taif," Baba akasema. Nikaona mdomo wake ukicheza.

"Na alama?" nikauliza. Nisingeweza kulala bila kujua. "Ule mstari wa pili?"

Mzee akafumba macho, ingawa hayakuwa yakimsaidia kitu, akapapasa tena. "Upo," akasema. "Ni mwembamba, lakini upo. Lete kidole chako." Akakishika kidole changu akakiweka pale. Nikausikia, mwanangu. Mkwaruzo mdogo kama uzi. Nikaketi pale pale kwenye zulia, na machozi yakanitoka mbele ya watu wazima.

Usidhani mambo yaliishia kwenye kicheko. Njiani tukirudi, Baba alinieleza kwa upole kwamba mtu anayekusanya vitu vya kale hanunui mng'ao. Mikwaruzo, weusi uliofifia pale ilipokuwa ikisuguana na ngozi ya mkanda, hata doa la laban, hayo ndiyo anayoyatunza, maana kiwanda hakiwezi kuyatengeneza tena. Kisha akaninyima kitambaa mwaka mzima. Kila Ijumaa nilisimama mlangoni nikimtazama akifuta peke yake. Hakunifukuza. Na Ijumaa moja, bila hotuba, akanirushia kitambaa. "Futa," akasema. Mimi nikamalizia, "Nisisugue."

Basi, mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Ukipewa kitu cha mtu, usidhani unajua uzuri wake uko wapi. Pengine pale unapoona uchafu, yeye anamwona baba yake. Na ukikosea, kwa maana utakosea kama sisi sote, kaseme kitambaa kikiwa bado mkononi mwako. Mimi nilibeba kosa la dakika kumi kwa siku tano, na siku hizo tano zilinielemea kuliko kosa lenyewe. Bidii yako ninaiona na ninaipenda. Mungu akulinde ugenini, ailinde mikono yako na akupe watu wa kukuambia ukweli, kama Dada Rukia juu ya ndoo yake, na siku moja urudi kwa mama yako ukiwa na jina safi.

Kesho, kabla hujagusa chochote kabatini, mwite bosi wako, mwonyeshe kila doa kwa kidole, na umuulize: "Hili nilitoe, au niliache?"